Resini ya mafuta ya mimea isiyoganda vizuri chini ya taa ya UV: dalili, visababishi na marekebisho

Maswali ninayoletewa na mafundi wa Arusha na Moshi kuhusu resini za mafuta ya mimea, yaani vimiminika vinavyogandishwa kwa taa kuwa vitu vigumu, yanajirudia. Hereni inanata. Kidani ni kigumu juu, chini ni uji. Kipande kimejikunja ndani ya moldi. Chupa nzima imegandia stoo. Anayeuliza, mara nyingi, ameshaongeza kianzishi (kemikali inayoanzisha kuganda ikipigwa na mwanga) mara mbili au tatu kabla ya kuuliza, na hapo ndipo tatizo dogo linapokuwa kubwa. Ninachosisitiza kwa kila mtu ni hiki: usiongeze kemikali yoyote mpaka ujue kama mkosaji ni mwanga au ni hewa. Mara nyingi ni mmoja kati ya hao wawili.

Mwongozo huu ni wa resini ambayo msingi wake ni mafuta ya soya yaliyotiwa akrilati (vikundi vya kemikali vinavyoweza kushikana), chupani huandikwa AESO, pamoja na resini za soya za mashine za kuchapa vitu vya 3D. Kinachotokea ndani yake si kukauka. Kianzishi kikipigwa na mwanga unaokifaa huvunjika na kutoa radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyenye hamu kubwa ya kushika kitu kingine. Radikali hizo hufungua viungo maradufu vya akrilati, kimoja kinashika kingine, mnyororo unarefuka. Kwa kuwa kila molekuli ya mafuta imebeba akrilati zaidi ya moja, minyororo inashonana na kuwa wavu mmoja usioyeyuka tena. Adui wa kazi hiyo ni oksijeni, kwa sababu inazidaka radikali haraka mno kuliko akrilati inavyoweza.

Kipimo cha nusu tone

Fanya hiki kwanza, dalili yako iwe ipi. Chukua kipande safi cha kioo, weka tone la resini lenye upana wa sarafu ya shilingi mia. Kata plastiki angavu ubavuni mwa chupa ya maji ya kunywa, funika nusu ya tone, kisha ibonyeze taratibu mpaka viputo vya hewa vitoke pembeni. Washa taa kwa muda ule ule unaoutumia siku zote. Ukimaliza bandua plastiki, uchokoe pande zote mbili kwa kijiti cha meno, halafu geuza kioo uangalie kwa chini.

Upande uliofunikwa ukiwa mgumu na unang'aa, na ule wa wazi ukaacha alama ya kijiti na utelezi kama wa mafuta, mkosaji ni hewa. Pande zote mbili zikibaki mbichi, mkosaji ni mwanga au kianzishi. Pande zote zikiwa ngumu juu lakini tone zima linateleza kwenye kioo, mwanga haufiki chini. Kila jibu lina sehemu yake hapa chini.

"Nimemulika weee, haigandi kabisa"

Kisababishi cha kwanza ni taa na kianzishi visivyoendana. Soma lebo zote mbili. Vianzishi vya namba 184 na 1173 hufyonza zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 350. Ukiviweka chini ya taa ya nanomita 405, utakaa hapo mpaka jioni. Kianzishi kiitwacho TPO hufanya kazi mpaka karibu nanomita 400 na kidogo zaidi, na 819 inapanda juu ya hapo, kwa hiyo hizo mbili ndizo zinazofaa taa za kucha na mashine za 3D. Kamforakwinoni, ambayo madaktari wa meno huitumia kwenye kujazia meno, inataka mwanga wa bluu wa karibu nanomita 470 na inahitaji amini (kemikali nyingine yenye naitrojeni) ya kuisaidia. Chini ya taa ya UV ya saluni itakuangusha.

Cha pili ni taa dhaifu au iliyo mbali. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni za umeme unaoingia, na nyingine zimeandikwa ili kuuza tu, hazikuambii mwanga kiasi gani unaifikia resini. Weka karatasi nyeupe ya printa chini ya taa. Ikiwaka kwa rangi ya samawati, mwanga upo, ingawa hujajua nguvu yake. Futa vioo vya balbu, maana resini iliyoruka na kugandia hapo inakula mwanga. Sogeza kipande karibu kadiri moldi inavyoruhusu. Taa nyingi za kucha zina kipima muda cha sekunde 30, 60 au 99, na wapo wanaodhani wamemulika dakika tano kumbe taa ilizima zamani. Kama umeme wa mtaani kwako unapanda na kushuka, taa ya LED yenye adapta nzuri huvumilia. Taa ya zebaki ikizimika ghafla haiwaki mpaka ipoe, na baada ya saa nyingi za kazi nguvu ya UV inashuka hata kama kwa macho bado inaonekana kali.

Cha tatu ni kianzishi ambacho hakijayeyuka au kimepimwa vibaya. TPO na 819 ni unga, na AESO ni nzito mno: kwenye nyuzi 25 inazidi maji kwa uzito wa kutiririka zaidi ya mara elfu kumi. Asubuhi ya Julai pale Sakina, Arusha, inasimama kwenye kijiko kama asali iliyoganda. Pasha mchanganyiko kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto wa nyuzi 50 hadi 60, gizani, ukikoroga polepole mpaka usione chembe ukiuinulia mbele ya balbu nyekundu au ya kahawia. Kiasi cha kawaida ni gramu 0.5 hadi 3 kwa kila gramu 100 za resini. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja haifai hapa, kwa sababu inaweza kukupa nusu au mara mbili bila wewe kujua. Tafuta inayosoma gramu 0.01.

Cha nne huwavunja watu moyo, lakini lazima kisemwe. Mafuta ya kula hayagandi kwa njia hii. Ukinunua alizeti ya Singida pale Soko la Kilombero, ukaichanganya na kianzishi, hata jua la saa sita halitaigandisha, kwa sababu viungo maradufu vyake vimekaa katikati ya mnyororo mrefu na ni vivivu kwa radikali. Mafuta ya kitani hukauka, ndiyo, lakini kwa kuvuta oksijeni kwa siku nyingi, si kwa taa. Ili mafuta yafae lazima kwanza yawekewe pete za epoksi (pete ndogo zenye oksijeni), kisha yatiwe asidi ya akriliki. Usijaribu hatua hizo nyumbani wala karakana. Zinahusisha haidrojeni peroksaidi kali pamoja na asidi, mchanganyiko unaotoa joto lake wenyewe na unaoweza kulipuka. Hiyo ni kazi ya maabara yenye wataalamu, na Arusha tunayo Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru. Mwenye wazo zuri la alizeti au mbarika apeleke wazo lake huko.

Cha mwisho, kinachotokea mara chache, ni kitu ndani ya mchanganyiko kinachozidaka radikali. Mimea imejaa vitu hivyo. Kadanoli ya maganda ya korosho ni fenoli, tanini na lignini ni fenoli, na vitamini E iliyomo kwenye mafuta mabichi hufanya kazi hiyo hiyo. Kama umeongeza unga wa magome, maganda ya kahawa au mafuta ya harufu, gandisha tone lisilo na nyongeza hiyo. Likiganda, umempata mkosaji.

"Imeshika, ila juu inanata"

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote. Ikiwa kipimo cha nusu tone kimeonyesha hewa, taa yako ni nzima na resini yako ni nzima. Oksijeni inaingia kwenye ngozi ya juu haraka kuliko radikali zinavyozalishwa. Ndiyo maana rangi nyembamba inasumbua kuliko kipande kinene: yote ni ngozi.

Dawa rahisi ni kuizuia hewa. Kwa kitu bapa, funika kwa plastiki angavu iliyonyooka, uondoe viputo, umulike kupitia humo. Plastiki ya chupa ya maji hupitisha mwanga wa nanomita 365 na kuendelea bila shida. Plastiki ngumu za madirisha na miwani nyingi zimewekewa kizuizi cha UV, hazifai. Kwa kitu chenye umbo, kigandishe kwanza mpaka kishike, kisha kizamishe chote kwenye maji safi au gliserini ya duka la dawa na ukimulike tena. Maji yanaizuia hewa na mwanga unapita. Taa ibaki nje na juu ya maji, isiguse, na waya wake usipite karibu na bakuli.

Njia ya pili ni kuongeza nguvu ya mwanga, si muda. Taa kali kwa sekunde chache huzalisha radikali nyingi kwa pamoja na kuishinda oksijeni. Taa dhaifu kwa nusu saa inaipa oksijeni nafasi ya kuingia upya. Viwandani wanafukuza hewa kwa naitrojeni, lakini sishauri mtu afungulie mtungi wa gesi kwenye chumba kidogo.

Kama kunata kuko upande uliogusa moldi, angalia moldi yenyewe. Silikoni hupitisha oksijeni, na wengi hawalijui hilo. Kitu kitatoka kigumu juu, lakini upande wa moldi unateleza. Tumia kioo au plastiki ngumu pale inapowezekana, au kimulike tena ndani ya maji baada ya kukitoa.

Kufuta utando kwa spiriti ni hatua ya mwisho kabisa, na bado kipande kimulikwe tena baada ya kufutwa. Hereni au bangili inayonata isiuzwe. Kinachonata ni akrilati mbichi, na ngozi ya mteja haikukubaliana na hilo.

"Juu ni jiwe, chini ni uji"

Mwanga unaliwa njiani. Kila tabaka linafyonza sehemu yake, na linalobaki kwa tabaka la chini ni kidogo. Kisababishi cha kawaida ni kumimina nene mno kwa mara moja. Kinachofuata ni rangi au kijazio: unga mweusi, titani nyeupe, maganda ya kahawa, hata nyuzi za katani zikisongamana. Cha tatu, ambacho watu hawakitegemei, ni kianzishi kupita kiasi. Ukikizidisha, tabaka la juu linafyonza mwanga wote na kuufungia mlango. Kwa vipande vinene teremsha mpaka karibu gramu 0.3 hadi 1 kwa gramu 100, na uchague 819 au TPO, kwa sababu rangi yake hupungua kadiri inavyotumika na kuacha mwanga upite.

Pima kina chako. Jaza resini kwenye kifuniko cheusi cha chupa, mulika kwa juu tu, toa kilichoganda, futa uji wa chini kwa tishu, kisha pima unene kwa rula. Ukipata milimita 4, mimina tabaka la milimita 2, ligandishe, ongeza jingine. Usilisafishe tabaka la katikati kwa spiriti. Utando wake wa kunata ndio unaoshika tabaka linalofuata. Kama una moldi angavu, igeuze umulike na upande wa chini.

"Imepata moto, imepasuka, imejikunja"

Kila kiungo cha akrilati kinapofunguka hutoa joto, karibu kilojuli 80 kwa moli. Kwenye tabaka jembamba joto hilo linapotea hewani. Kwenye kikombe kilichojaa halina pa kwenda. Resini inachemka ndani, inafuka moshi, inapasuka.

Anza na unene, kisha ukali wa taa. Punguza tabaka, inua taa kidogo kwa sekunde za mwanzo halafu iteremshe, au mulika kwa vipande vya sekunde 10 ukiacha ipoe katikati. Kujikunja bila joto kubwa kunatokana na kusinyaa: viungo vikifungwa, molekuli zinasogeleana. AESO husinyaa kidogo kwa sababu molekuli zake ni kubwa, kwa hiyo kama kusinyaa kumezidi, chunguza kiyeyusho chepesi ulichokiongeza. Vyepesi vyenye akrilati mbili fupi ndivyo vinavyosinyaa sana.

Simama hapo. Chombo kikianza kutoa moshi au kuwa cha moto usichoweza kukishika, zima taa, usikiinamie, usikifunike kifuniko. Kama bado kinabebeka kwa koleo, kitoe nje kwenye zege. Kama hakibebeki, toeni watu, fungueni milango, na kukiwa na moto piga Zimamoto, 114.

"Ni laini mno" au "inavunjika kama biskuti"

Laini: mulika zaidi kwanza, pande zote, kisha uiache siku moja kwenye jua. Ikibaki laini, hiyo ndiyo tabia ya AESO ikiwa peke yake, kwa sababu mikono mirefu ya mafuta inateleza. Ugumu unaletwa na mwenzi mgumu kama isobonili metakrilati, ambayo hutengenezwa kutokana na kamfini ya utomvu wa misonobari, kwa hiyo bado uko ndani ya mimea. Na huo mwenzi unaipunguzia AESO uzito, kwa hiyo kukoroga kunakuwa rahisi.

Inayovunjika ina viungo vingi mno au imemulikwa kupita kiasi. Punguza kiyeyusho cha akrilati nyingi, ongeza AESO.

"Imegandia chupani"

Wengi hukimbilia kulaumu jua la dirishani, na mara nyingi ni kweli. Arusha iko juu, karibu mita 1,400, na UV ya mchana ni kali hata mawingu yakiwepo. Taa nyeupe za dari nazo huifikia 819. Funika dirisha kwa plastiki ya njano au ya kahawia, tumia chupa nyeusi.

Lakini ipo sababu nyingine inayofanya kinyume na wanavyodhani watu. Resini za akrilati huuzwa zikiwa na kizuizi kinachozilinda, na kizuizi hicho kinahitaji oksijeni kidogo ili kifanye kazi. Chupa iliyojazwa mpaka shingoni na kukazwa sana haina hewa hiyo. Acha nafasi juu, na ufungue mara moja moja. Joto la Moshi la Januari na Februari chini ya bati linaharakisha yote, kwa hiyo hifadhi mahali pa baridi zaidi ndani ya nyumba, mbali na chakula. Kutu inaharibu pia, usitumie kopo la bati. Na resini iliyobaki kwenye kikombe cha kazi isirudishwe kwenye chupa mama.

Chupa inayoonekana kuvimba au kupata joto yenyewe usiifungue. Itoe kwenye jengo na uwasiliane na Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Kaskazini, hapa Arusha.

Njano, ukungu na mapovu

Njano ya siku ya kwanza hupungua yenyewe kwa TPO na 819, subiri kesho. Inayobaki ni ya mafuta yenyewe au ya amini. Ukungu na mapovu madogo karibu na ua au jani ni maji, kaushia ua hadi livunjike mkononi. Mapovu ya kukoroga huondoka ukiiacha resini gizani kwenye nyuzi 40 hadi 50.

"Inabanduka kwenye mbao"

Kwa mbao nyingi ni vumbi, unyevu au mafuta ya mkono. Piga msasa, futa kwa asetoni, subiri ikauke. Mpingo ni habari nyingine. Mbao za jamii yake zina viini vya asili vinavyozuia rangi na resini kuganda pale zinapogusana, kwa hiyo unakuta kipande kigumu kote isipokuwa ule mstari mwembamba uliogusa mti. Futa kwa asetoni mara mbili au tatu mpaka kitambaa kisitoke na rangi, paka tabaka jembamba sana, ligandishe kwa mwanga mkali, ndipo umimine.

Ngozi inawasha, macho yanauma

Kwamba resini imetoka kwenye soya hakuifanyi iwe chakula, na kikombe au sahani usitengeneze. Akrilati mbichi inaweza kuamsha mzio wa ngozi. Ukishaupata hauondoki, na unaweza kukusumbua baadaye hata kwa daktari wa meno, kwa sababu baadhi ya vijazio vyake ni vya jamii hiyo hiyo. Vaa glavu za nitraili na uzibadilishe mara tu zinapodondokewa, kwa sababu akrilati hupenya ndani ya dakika. Ngozi ikiguswa osha kwa sabuni na maji. Usitumie spiriti, inaisukuma ndani. Umoja wa Ulaya umeiondoa TPO kwenye bidhaa za kucha tangu tarehe 1 Septemba 2025 kwa kuainishwa kuwa na madhara kwa uzazi, kwa hiyo mama mjamzito asipime unga huo.

Taa za UV zisitazamwe bila miwani inayozuia UV, na fundi mwenye ualbino avae mikono mirefu hata kwa dakika moja ya kazi. Vipele au malengelenge vikitokea kwenye vidole, acha kazi hiyo kabisa na uende kwa daktari wa ngozi ukiwa na lebo ya resini. Kwa Kanda ya Kaskazini kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi. Resini ikiingia jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mabaki usiyamwage kwenye sinki wala mtaro unaoelekea mto Themi au mto Karanga. Yatandaze membamba kwenye plastiki, yaache juani mpaka yawe magumu pande zote, ndipo yaende na taka za kawaida. Tishu na glavu zilizolowa resini nazo zianikwe hivyo hivyo kabla ya kutupwa.